Stovu la mafuta ya taa la utambi wa mviringo kutoka kwa fundi wa Mwanakwerekwe, Unguja, nimelitumia miezi mitano sasa

Nianze na sahani. Nna sahani moja nyeupe ya chai, niliishika kwa kitambaa juu ya moto wa stovu langu la zamani nikahesabu mpaka kumi, ikatoka na duara jeusi tii kama mtu kaipaka wanja. Nikaisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikarudi. Siku ya pili yake sahani ile ile nikaishika juu ya hili stovu jipya, nikahesabu mpaka kumi, sikuamini nikaendelea mpaka thalathini, ikapata moto hata kitambaa kikaanza kunuka lakini chini yake nyeupe pe. Mume wangu alikuwa kakaa mlangoni anasubiri chai, nikamwita aje aangalie, akapitisha kidole chini ya sahani akakitazama kile kidole, hakusema kitu. Kesho yake nimemkuta mwenyewe anajaribu na kijiko.

Mie nakaa Michenzani, ghorofa ya nne, kwenye yale majumba ya maendeleo yaliojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Naeleza hivo kwa sababu aliekaa flati ndo anaijua khasa habari ya moshi. Mtu wa nyumba ya chini akiwasha mkaa anautoa uani, moshi unakwenda zake, sisi uani hatuna, tuna kibaraza cha kuanikia nguo na jiko lenye dirisha moja, ukiwasha mkaa ngazi nzima inajua unapika nini na jirani wa juu anakuja kugonga kwamba nguo zake zimenuka. Gesi ninayo, ule mtungi mdogo, naipenda, lakini mie napika mikate ya kumimina na mahamri ya kuuza, mtungi hauchukui siku ushakwisha na ukisha ni kuuteremsha ngazi na kuupandisha tena, na mara nyingi unakwisha pale pale mkate uko nusu. Umeme wa TUKUZA, ule wa kulipia kabla, ukiweka jiko la koili unaona yuniti zinavoteremka. Kwaiyo mafuta ya taa kwangu sio mambo ya kizamani, ndo moto wa akiba, na asubuhi nyengine ndo moto wenyewe.

Na kuna jengine. Watu wa Unguja wa umri wangu kile kiza hatujakisahau. 2008 kama mwezi mzima, Mei mpaka Juni, kisha kile kirefu cha Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu, waya wa chini ya bahari unaoleta umeme kutoka bara umeharibika na kisiwa kizima kimezima, maji hayapandi mana pampu hazina umeme, mafriji yamegeuka makabati ya vyombo. Mwanangu wa kwanza wakati ule alikuwa mchanga. Nilikuwa nachemsha maji yake usiku kwa stovu la tambi nyingi, kandili iko pembeni, na asubuhi nikimfuta pua kwa kitambaa cheupe kinatoka cheusi. Kile kitambaa ndo kilichonifanya niwe mtu wa kuangalia moshi. Mpaka leo nikiingia nyumba yenye mtoto mdogo jicho langu linakwenda kwanza kwenye dari ya jikoni.

Sasa lile stovu nililokuwa nalo kabla nililinunua duka moja mjini, duka silitaji, ni yale ya tambi kumi zilizopangwa duara, yanakuja ndani ya boksi. Wiki ya mwanzo lilikuwa zuri, moto buluu, nikafurahi. Wiki ya tatu zikaanza ncha za njano, mwezi wa pili nikawa napika na masizi. Sufuria chini zimevaa ngozi, pazia la jikoni nimelitoa kabisa, kanzu nyeupe ya Ijumaa ya mume wangu niliianika kibarazani ikarudi na vijidoa vyeusi, na vile vijidoa ukivigusa tu vinatanuka. Nikarudi dukani yule kijana akaniambia dada mafuta ya siku hizi ndo mabovu. Nikabadilisha kituo cha mafuta, nikabadilisha tambi zote kumi, vile vile. Mwisho nikaamini kweli mafuta ya taa lazima yatoe moshi, ndo yalivyoumbwa, na ntaishi nayo hivo hivo.

Fundi nimempata kwa wifi yangu. Yuko Mwanakwerekwe, jina lake silitii hapa mana sikumuomba ruhusa. Ni mzee, kazi yake kubwa ni karai, trei za mikate, ndoo na vibatari vya makopo. Nilikwenda na stovu langu nimelifunga kwenye mfuko, nikamwamkia, shkamoo mzee wangu, nataka uniangalizie hili linatoa moshi, mafuta ya siku hizi mabovu. Akaitikia marahaba, akaligeuza juu chini akalitazama, kisha akasema "Mwanangu, mafuta hayana kosa. Moto wako haupumui."

Afu akanionesha kitu ambacho mie nakiona toka utotoni na sijawahi kukitia akilini. Alichukua kandili ya kawaida akaiwasha bila ya kuirejesha chemni. Moto ukasimama mrefu, njano iliyoiva, ncha imepasuka na inatoa uzi wa moshi unapanda mpaka kwenye bati la banda. Akateremsha chemni. Moto ule ule, utambi ule ule hakuugusa, ukafupika ukatulia ukawa mweupe zaidi, na ule uzi wa moshi ukakatika kama umekatwa kwa mkasi. Akainua chemni, moshi huo. Akarejesha, hamna. Kafanya hivo mara nne mpaka vijana wa duka la pili wakawa wanatutazama. "Mafuta yamebadilika?" ananiuliza. Nikamwambia hapana. Akasema "Basi."

Maelezo yake na yale niliyokuja kuyasoma mwenyewe usiku nayatia pamoja hapa mana ukiyafahamu haya hata stovu lako bovu utalijua lina nini. Mafuta ya taa hayawaki yakiwa maji maji. Utambi unayanyonya, yakifika kwenye ncha yanapata joto yanageuka mvuke, na ule mvuke ndo unaowaka. Ukipata hewa ya kutosha unawaka wote, moto unakuwa buluu na mkali. Hewa ikiwa kidogo unawaka baadhi tu, uliobaki unageuka chembe chembe za kaboni, yani masizi, na ule unjano tunaouona ni zile chembe zimepata moto zinang'ara. Kwenye taa ni kheri, mana ndo mwangaza wenyewe huo. Kwenye stovu ni hasara, mana zile chembe zikigonga chini ya sufuria ya baridi kabla hazijamaliza kuungua zinaganda pale pale. Na chemni sio ya kuzuia upepo tu kama nilivyodhani umri wangu wote, hewa ya moto iliomo ndani yake nyepesi, inapanda mbio, ikipanda inavuta nyengine kutoka chini, kwaiyo moto unalishwa bila ya mtu kupuliza, na bomba likiwa refu linavuta zaidi.

Mzee babake alikuwa sonara. Akaniambia babake alikuwa akilehemu bangili za fedha kwa taa ya mafuta na kijimrija cha shaba, anapuliza kwa mdomo ubavuni mwa moto, moto unalala, ncha yake inakuwa buluu nyembamba kama sindano na lehemu inayeyuka pale pale ukiitazama. Na taa hio hio usiku anasomea msahafu. Hapo ndo iliponiingia khasa, moto wa kusomea na moto wa kuyeyusha lehemu ya fedha mafuta yake ni mamoja, tofauti yake ni pumzi tu.

Haya, stovu lenyewe. Hakulitengeneza lile langu, aliunda jengine. Chini kuna tangi la bati zito, linachukua lita moja na nusu. Utambi sio kumi, ni mmoja, mpana, wa pamba, umekunjwa ukawa duara, ukubwa wake kama mdomo wa glasi. Na katikati ya hilo duara pako wazi, kuna bomba linapita ndani ya tangi mpaka chini kabisa, ukiliinua stovu tupu ukachungulia kwa chini unaona dari. Kwaiyo hewa inapanda kati kati ya utambi na nyengine inapanda kwa nje, moto umekuwa ukuta mwembamba wa mviringo unalishwa pande mbili, hakuna pahala pa moto palipo mbali na hewa. Juu ya lile bomba la kati kuna kikofia cha bati kimetobolewa ubavuni, kinaizuia hewa isipande moja kwa moja ikapotea, kinaitupa pembeni iingie kwenye moto. Afu juu yake vinakaa vikopo viwili vya matundu matundu, kimoja ndani ya chengine, moto unapanda baina yao, na nje kabisa bomba la tatu lisilo na matundu, la kuhifadhi joto na kuvuta.

Yale matundu kayatoboa kwa msumari na nyundo juu ya gogo, kimoja kimoja, nimekaa kwenye kigoda namtazama kutwa moja. Kila kitundu anakigeuza anakipitisha kidole kwa ndani kusikiliza ukali wake, akiona makali yamezidi anayalaza kwa nyundo. Safu za chini vidogo, akipanda juu anavipanua kidogo. Nikamuuliza sababu, akasema chini hewa ikizidi moto unakimbia utambi, juu ndo unapotaka kushiba.

Wazo lenyewe sio la jana. Mtu wa Geneva huko Uswisi, Aimé Argand, ndo alieanza kuukunja utambi ukawa duara na kupitisha hewa katikati, miaka ya 1780, na chemni ya kioo juu yake, na wakati ule mafuta ya taa hayajakuwepo, watu wakiwasha mafuta ya mimea na ya nyangumi. Nilipolisoma hilo nilifurahi kwelikweli, nikampelekea mzee habari yake, akatikisa kichwa akasema basi huyo alikuwa fundi. Na lile stovu la pampu walilokuwa nalo mabibi zetu, Primus, ni la Uswidi, la 1892, la Frans Wilhelm Lindqvist, lile halina utambi kabisa, unayasukuma mafuta kwa pampu yanapita kwenye bomba la moto yanakuwa mvuke kabla hayajatoka. Bibi yangu alikuwa nalo Wete, Pemba. Moto wake mkali kushinda hili la fundi, nasema ukweli. Ila nakumbuka shughuli yake, uwashe spiriti kwanza kwenye kile kikombe, usubiri, upampu, kitundu kikiziba utafute ile sindano, na likishavuma hamsikizani. Mie saa kumi na moja alfajiri watoto wamelala sitaki mvumo ndani ya nyumba. Hili la utambi halina sauti, ukilisogelea sana unasikia kama mtu anapumua usingizini basi.

Vipimo. Nimepima kwa saa ya simu, sufuria moja, mfuniko mmoja, maji lita mbili ya ndoo. Stovu la zamani, na nilisubiri liwake vizuri kwanza, maji yalichemka kwa dakika 21. Hili dakika 12. Nikarejea siku nyengine mbili nikapata 13 na 12. Gesi yangu nikifungua mpaka mwisho dakika 9. Upande wa mafuta nilitia robo lita tangi likiwa kavu: la zamani liliwaka saa mbili, hili saa moja na dakika ishirini. Ukisikia hivo utasema la zamani ndo linabana matumizi, lakini usihesabu kwa saa hesabu kwa sufuria, kwa yale maji yale yale la zamani lilikula karibu mililita 44 na hili kama 37. Kwaiyo anaekwambia stovu la namna hii litakukatia mafuta nusu kwa nusu msimsikilize, mafuta unaokoa kiasi, ulichokipata khasa ni muda na usafi. Na bei za mafuta nyote mnaziona ZURA, wasimamizi wa bei za mafuta Zanzibar, wanapotangaza kila mwezi, kila mmoja ajipigie yake.

Mahamri kwanza. Kuchoma mahamri mengi shida yake ni mafuta ya karai kupoa kila ukitia mafungu mapya, yakipoa mahamri yanakunywa mafuta na hayafuri. Kwa stovu la zamani nilikuwa natia manne manne. Hapa natia saba nane na mafuta yanarudi kuchemka upesi, yanafura yanapinduka, rangi moja. Mteja wangu mmoja wa duka kaniuliza kama nimebadilisha unga.

Lakini kilichonitoa machozi ni mkate wa kumimina. Aliewahi kuupika anajua, chini unaiva kwa moto mdogo, ukishakauka juu unaipindua sufuria, uso wa mkate unatazama moto ili upate ile rangi ya dhahabu. Ni mkaa tu unaofanya hivyo, kwa mafuta ya taa huthubutu, mkate wa kumimina ni kama sponji, unga wa mchele na tui, unanyonya kila harufu iliopo, moshi ukiupata sekunde mbili tu hauliki. Nimeupika kwa gesi ukaungua vipande vipande mana moto wa gesi unakula pahala pamoja. Wiki ya pili na hili stovu nikasema leo najaribu, nikitupa nitupe. Nikapunguza utambi mpaka moto uko ndani ya vikopo haujitokezi juu, vikopo vyenyewe vimewiva vyekundu kama makaa, nikaipindua sufuria nikaishika kwa mkono umbali wa shibiri moja, nazungusha polepole, nahesabu. Ukatoka rangi ya korosho iliokaangwa, mzima, mduara wote. Nikaukata wa moto nikaunusa kabla sijaula. Hiliki na nazi. Hakuna chengine. Nilikaa chini pale pale sakafuni nikala kipande kizima peke yangu.

Sasa kasoro, na zipo.

Siku za mwanzo nilikuwa naharibu kwa pupa, naupandisha utambi juu nikidhani moto mkubwa ndo moto mkali. Sivyo. Ukiupandisha kupita kiasi mvuke unakuwa mwingi kushinda hewa, moto unatoka njano juu ya vikopo na masizi yamerudi yale yale. Uwashe mdogo, usubiri dakika tano sita vikopo vipate moto, afu pandisha kidogo kidogo mpaka ukae buluu, ukiona ncha moja ya njano rudisha nyuma. Asiekuwa na subira ya dakika hizo sita hili halimfai. Na utambi wenyewe haukatwi kwa mkasi, ukikata unabaki na jino moja refu na hapo ndo panapotoa moshi, unaufuta lile kaa la juu kwa kitambaa kikavu ukiwa umepoa, ukae sawa. Nafuta kila baada ya siku mbili.

La pili, sufuria ikikaa chini sana inauzima moto. Ile baridi ya sufuria inaukata moto kabla haujamaliza kuwaka, unapata harufu kali inayochoma macho hata kama moshi huuoni. Miguu ya kwanza alioitia mzee ilikuwa mifupi, nikarudi, akainyanyua sasa baina ya bomba na sufuria panapita vidole viwili, harufu imekwisha. Harufu ya kuzimia ipo bado, ukilizima linatoa mvuke mweupe kidogo, mie nalizimia kibarazani.

Upepo haliwezi. Januari hii Kaskazi imepiga, nimelitoa kibarazani mara moja, moto unalala upande mmoja unakuwa njano upande wa pili. Ni la ndani au nyuma ya ukuta. Lakini ndani dirisha liwe wazi, na hapa naomba tusikizane vizuri, kutokuona moshi sio kwamba hakuna kitu. Moto wowote ukikosa hewa unatoa kaboni monoksidi, haina rangi haina harufu na inaua mtu amelala. Wallahi msilale na stovu lolote linawaka, liwe safi namna gani.

Bati la kikopo cha ndani jembamba. Miezi mitano limeshaanza kupauka na kupinda kidogo juu, sidhani kama mwaka litaumaliza, mzee kasema atanibadilishia kile kikopo tu sio stovu zima. Kile kigurudumu cha kupandishia utambi kigumu, mkono ukiwa na unga kinateleza. Na tangi lingekuwa la lita mbili ningeshukuru, mana kulijaza likiwa la moto ni haramu kwangu, yakisha mafuta katikati ya kazi basi nasubiri lipoe kabisa.

Wengi wataniuliza mafuta ya kupikia yaliotumika, yale tuliyokaangia, kwanini tusiyatie humo tukaepuka gharama. Nilimuuliza mzee, na tukajaribu mbele yake kwa kibatari sio kwa stovu. Utambi uliwaka kidogo ukafifia, juu ukafanya kaa jeusi gumu, ukazima. Mafuta ya kupikia mazito, hayapandi utambi mrefu, na yanataka joto kubwa sana ndo yatoe mvuke wa kuwaka, zaidi ya digrii 200, wakati mafuta ya taa yanaanza kutoa mvuke wa kushika moto chini ya 60. Ndo mana taa za zamani za mafuta ya nazi utambi ulikuwa mfupi, unaelea pale pale juu ya mafuta. Na nazi ina shida yake nyengine, asubuhi za Julai kipupwe kikikaza mafuta yanaganda meupe ndani ya chupa, utambi utanyonya nini. Msichanganye, stovu la mafuta ya taa ni la mafuta ya taa.

Na kinyume chake ndo hatari zaidi, petroli. Petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya barafu, kwaiyo ikichanganyika na mafuta ya taa kwa bahati mbaya, dumu halikukaushwa au muuzaji kachanganya, tangi lako limekuwa bomu chini ya sufuria. Mie nanunua kituoni tu, kwa dumu langu mwenyewe la buluu ambalo halijawahi kutiwa kitu chengine, sinunui ya chupa barabarani. Na dumu nalifungia kabati la juu, nyumba ina watoto, na mafuta ya taa kwenye chupa ya maji ya kunywa mtoto hajui kama si maji.

Bei nimelipa shilingi 45,000 pamoja na utambi wa akiba. Dukani yale ya tambi kumi unapata kwa chini ya hapo, ni kweli. Mie nimeshanunua mawili ya dukani ndani ya miaka mitatu, nikatupa pazia, nikapaka rangi dari mara mbili, kwaiyo sikuona tabu kutoa. Nilichokiona tabu ni kusubiri. Mzee aliniambia wiki moja, ikawa wiki tatu, kila nikipiga simu "kesho inshaallah", na ile kesho nnakwenda Mwanakwerekwe na daladala namkuta anatengeneza trei za harusi ya watu. Kazi yake safi, tarehe zake haziaminiki, mtu akiwa na shughuli ya Ramadhani aagize Rajab. Nikipewa kutoa nyota natoa nne kwa tano, ile ya tano nimeizuia kwa lile bati la ndani na zile wiki mbili za ziada.

Mkienda chukueni sufuria mnayoitumia sana, ile yenyewe, mkampe aiweke juu aipime miguu nayo hapo hapo, na kabla hamjalipa mwambieni aliwashe mkae nalo mpaka vikopo viwive. Chukueni na sahani nyeupe. Mie nimeshamuagizia la pili la mama yangu Wete, la tangi kubwa, kasema Jumamosi, nimemuomba aniambie ni Jumamosi ipi.